Kapasita Mpya Hazitafungua Mziki Wako

Wiki hii huyu ni mteja wa tatu. Mzee mstaafu kutoka Ubungo, kaja na mjukuu wake. Mjukuu kabeba amplifaya ya NAD 3020 iliyofungwa kwenye kanga, mzee mwenyewe kashika bahasha ya kaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea kazi. Humu ndani ng'oa kila kitu, weka hivi."

Kwenye bahasha kuna kapasita (vile vikopo vya kutunzia umeme) arobaini na ushee, nyingine zina maandishi ya dhahabu utadhani mwaliko wa harusi, na transista nne kubwa za kutolea sauti. Mjukuu kamwonyesha video, wakaagiza mtandaoni. Nikamuuliza amplifaya ina tatizo gani.

"Haina tatizo. Nataka ifunguke."

Neno hilo "ifunguke" nimelisikia hadi naliota. Kwa hiyo leo naandika, ili wa nne akija nimpe asome huku naendelea na kazi.

Kuna kutengeneza, na kuna hiki kinachoitwa kuboresha, na watu wanavichanganya makusudi. Kutengeneza ni kuirudisha amplifaya ilivyotoka kiwandani. Kapasita imekauka, unaweka nyingine ya kipimo kilekile. Reli, ile swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme, imeota kutu kwenye vidole vyake, unaweka mpya. Kazi hiyo naifanya kila siku na ndiyo inayonilipia pango la kibanda hapa Kariakoo. Kuboresha ni kuamini kwamba ukichukua amplifaya nzima, inayopiga vizuri, ukaijaza vifaa vya bei, itapiga kuliko alivyokusudia aliyeichora. Aliyeichora alikuwa na osiloskopu (mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme), maabara na mshahara. Mimi nina pasi ya kulehemu, mita na feni.

Tuanze na transista, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Mtu anasoma kwamba transista fulani ni ya wati 250, yake ni ya wati 115, basi anapiga hesabu kwamba amplifaya itaongezeka mara mbili. Hapana. Zile wati za transista ni joto inaloweza kulivumilia kabla haijafa. Wati zinazofika kwenye spika zinaamuliwa na transfoma. Chukua amplifaya yenye volti 35 chanya na 35 hasi. Ikipigwa hadi mwisho, volti zinashuka kidogo, transista nazo zinakula kidogo, wimbi linafika kama volti 30 kileleni. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati 56. Weka humo transista ya wati 250, weka ya wati 1,000 kama utaipata, bado ni wati 56. Ni kuifungia bajaji matairi ya Fuso.

Na tuseme umefanikiwa, umebadilisha hadi transfoma, umetoka wati 50 ukafika 75. Umepata desibeli 1.8 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, na ili sikio lako liseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili" unahitaji wati mara kumi. Spika ya desibeli 92 kwa wati moja ikipigwa na wati 10 inalingana na spika ya desibeli 86 inayokunywa wati 40. Hakuna anayegeuza spika yake akasoma namba hiyo nyuma. Wote wanasoma wati.

Ile NAD ya mzee, iliyotoka mwaka 1978, mwaka uleule ilipoanzishwa bendi ya DDC Mlimani Park, imeandikwa wati 20 kwa kila upande. Ishirini! Na ilipata sifa dunia nzima. Siku hizi nenda dukani, sabufa la plastiki linaloinuliwa na mtoto wa darasa la pili limeandikwa wati 10,000 za PMPO, yaani wati za kwenye tangazo tu. Marekani walichoshwa na kamba hizi wakatunga kanuni mwaka 1974 ya namna ya kupima wati na kuzitangaza, ndiyo maana namba za amplifaya nyingi za mwisho wa miaka ya 70 unaweza kuziamini. Za kwenye boksi la sabufa soma kama mashairi.

Sasa kapasita. Naomba mnivumilie, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Mteja akifunua amplifaya anaona zile kapasita kubwa mbili, makopo mawili karibu na transfoma. Yameandikwa, tuseme, mikrofaradi 6,800, yaani kiasi cha umeme yanachobeba. Anasema, "Fundi, weka 22,000, besi itakuwa nzito." Kazi ya makopo yale ni kulainisha umeme. Diodi zinageuza wimbi la umeme wetu wa hezi 50, makopo yanajazwa mara 100 kwa sekunde, na katikati ya kujazwa yanatoa yalichonacho kwa transista. Kama ni mabovu, utasikia mvumo kwenye spika hata volyumu ikiwa sifuri. Kama husikii mvumo, na mziki ukikolea sauti haikwami, makopo yako yanafanya kazi. Kuyaongeza mara tatu kunatibu ugonjwa usiokuwepo.

Tena kuna malipo yake. Kopo tupu unapowasha ni kama shoti kwa muda mfupi. Likiwa kubwa mara tatu linavuta mkupuo mrefu zaidi, na mkupuo huo unapita kwenye swichi, fyuzi, diodi na transfoma ya mwaka 1978 ambayo hakuna aliyeiomba ushauri. Baadaye pia, amplifaya ikishawaka, kopo kubwa linajazwa kwa muda mfupi zaidi kila wimbi, kwa hiyo mkondo unakuja kwa vishindo virefu na vyembamba, na transfoma inapata moto kuliko ilivyozoea. Jamaa mmoja wa Sinza aliwekewa makopo hayo na fundi mwingine. Siku ya tisa swichi ikajilehemu yenyewe ndani, amplifaya ikagoma kuzimika. Ananipigia saa nne usiku, "Fundi, haizimi!" Chomoa kwenye ukuta, kaka.

Za kuagiza nazo zina visa vyake. Nimewahi kupasua kopo lililoandikwa 10,000 nikakuta ndani kakopo kadogo kamefungiwa kama mtoto kwenye blanketi. Transista feki ndiyo usiseme. Unamng'olea mtu transista halisi iliyokaa miaka 40 bila kulalamika, unamwekea ya mwezi uliopita yenye nembo iliyopakwa, jioni inalia pwaa. Zile nne za mzee nilizikwangua nembo kwa ukucha. Rangi ikatoka.

Kuhusu kubadilisha IC, kile kidude cheusi chenye saketi nzima ndani, kwa ufupi: ukichomoa 4558 ya watu ukaweka IC ya kasi kubwa bila kujua unachofanya, inaweza kuanza kujipigia yenyewe kwenye masafa usiyoyasikia. Wewe husikii, tweta (spika ndogo ya sauti nyembamba) inasikia, na inaungua. Na mashine ya Japani ya volti 100, kabla hujaichomeka kwenye 230, itafutie kwanza transfoma ya kushushia umeme, tafadhali.

Simaanishi kwamba amplifaya za zamani hazichoki. Zinachoka, tena hapa Dar zinachoka kwa namna yake. Hewa ya chumvi inakula vidole vya reli na swichi za mbele, upande mmoja unakatika hadi uipige kofi. Volyumu inakwaruza. Lile gundi la kahawia walilotumia Wajapani kushikia kapasita linageuka jeusi, linavuta unyevu, linakula miguu ya vifaa. Mende wanapenda joto la transfoma, na mjusi akikatiza pasipostahili wanakufa wote wawili, yeye na transista. Baadhi ya transista ndogo za zamani, 2SC458 na 2SA726 kwa mfano, zinaanza kuchachatika kama mafuta ya chapati, na ukizibadilisha ukimya unaoupata ni wa kweli, hata mita inauona. Zaidi ya hapo nasafisha volyumu na swichi kwa dawa yake (siyo petroli, siyo WD-40, nani aliwaambia?), napima volti zinazovuja kwenye spika, narekebisha bayasi, ule mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata mziki ukiwa kimya. Kazi ya siku moja.

Sasa niseme kitu ambacho mafundi hatupendi kukisema.

Nyumbani nina amplifaya ya Pioneer ya zamani. Miaka michache iliyopita niliibadilisha kapasita zote za njia ya sauti, upande wa kushoto peke yake. Kulia nikaacha za kiwandani. Nikabonyeza mono, nikaweka spika moja, nikawa nahamisha waya kushoto, kulia, nikilinganisha volyumu kwa mita ya milivolti, maana upande ukizidi kidogo tu sikio linaupa ushindi. Siku ya kwanza nilisikia kushoto kumefunguka. Ndiyo, nilitumia neno hilohilo. Kesho yake nikamwambia kijana wangu wa kibandani ahamishe yeye, bila kuniambia. Nikaanza kubahatisha kama mchezaji wa bahati nasibu. Katika mara ishirini nilipatia kumi na moja. Hata shilingi ukiirusha inafika hapo.

Lakini sitasema hakuna tofauti kabisa, maana nimekutana na amplifaya ambayo kapasita moja ya kupitishia sauti ilikuwa imekauka hadi besi imepotea upande mmoja, na hapo hata mke wangu, asiyejali mambo haya, alisikia akiwa jikoni. Mpaka uko wapi, kati ya iliyochoka kwenye mita na iliyochoka kwenye sikio? Sijaupata. Kapasita nyingi za miaka 40 ninazozing'oa zinapima vizuri, halafu jirani yake mwenye umri uleule amekufa. Mteja akisema "badilisha zote kwa usalama", namwelewa, na nachukua hela.

Vilevile siwezi kukataa kwamba amplifaya zina sauti zao. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani, Bob Carver, aliwaambia waandishi wa jarida la Stereophile kwamba atairekebisha amplifaya yake ya bei nafuu ifanane na ya bei kubwa waliyoichagua wao. Akapewa saa 48, akaifanya, nao wakashindwa kuzitofautisha. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu inawaudhi wote. Wanaosema amplifaya zote ni sawa, mbona alihitaji kuirekebisha? Wanaosema ubora uko kwenye vifaa vya bei, mbona hakuvihitaji?

Kuna mteja alinipa amplifaya nibadilishe kapasita. Nikasafisha volyumu, nikawa nasubiri mzigo. Akapita, mimi sipo, kijana akampa akidhani imekwisha. Usiku napokea ujumbe wa sauti wa dakika mbili: fundi, Mungu akubariki, sauti imekuwa pana, nasikia vyombo ambavyo sikuwahi kuvisikia. Nikampigia kumweleza ukweli. Hakuniamini. Mpaka leo ananiletea wateja kwa sifa ya kapasita ambazo sikuziweka.

Turudi kwa mzee. Nilimwambia, "Bahasha iache hapa, NAD nitakuletea mwenyewe Jumamosi, nataka kuona inapokaa." Nilisafisha, nikapima, ilikuwa nzima.

Sebule yake ni vigae chini, zege pande zote, dirisha la alumini ukuta mzima, pazia jepesi. Ukipiga kofi linajibu. Spika moja iko juu ya kabati la vyombo, nyingine nyuma ya kochi, imetazama visigino vya wageni. Nikawasha wimbo wa zamani wa dansi. Gitaa la besi halipo kabisa. Nikachukua betri moja ya tochi, nikachomoa waya upande wa amplifaya, nikagusisha: chanya kwenye waya wenye mstari, hasi kwenye usio na mstari. Koni ya spika ya kabatini ikatoka nje. Nikaja ya nyuma ya kochi, vilevile. Koni ikaingia ndani.

Waya zimepishana. Spika moja inasukuma, nyingine inavuta, besi zinauana hewani kabla hazijamfikia. Nikageuza waya wa spika moja. Tukaishusha ya kabatini, tukaitoa ya nyuma ya kochi, mjukuu akaleta mkeka wa bibi yake na blanketi zito, tukatundika blanketi kwenye fimbo ya pazia. Nikawasha wimbo uleule.

Mzee akakaa kimya hadi solo likaisha. Kisha akainama kuigusa ile sponji inayozunguka koni ya wufa, spika kubwa ya besi, ikabaki kwenye kidole chake kama unga mweusi. Unyevu wa Dar hauziachi.

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo kazi, mzee. Tunaweka mpya. Siyo hela nyingi."

Akafikiri. "Na zile kapasita zangu?"

Ziko kwenye droo yangu, bahasha na yote. Kila akipiga simu anaziulizia.