Haki zimechukuliwa, filamu bado

Kijana akisoma kwenye simu kwamba kampuni fulani imepata haki za kitabu anachokipenda, jioni ile ile barza nzima ishajua kuwa filamu inakuja. Wiki ya pili hata mwezi wa kutoka umeshapatikana. Kwa vitabu vya Narnia, hadithi za watoto za mwandishi C. S. Lewis, nimelisikia hili kwa wanafunzi wa skuli ambao leo ndevu zinawaota, na bado kuna wanaoapa kuwa "wameshanunua, imebaki kuonyeshwa tu."

Haki za filamu ni ruhusa ya maandishi anayoitoa mwenye kitabu ili hadithi yake igeuzwe picha. Hakimiliki ya kitabu chenyewe inabaki kwake, na kinachotoka ni tawi moja tu. (Hapa Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA, taasisi ya hakimiliki. Bara wana yao ya mwaka 1999. Wengi hudhani ni moja.) Maana imekwisha hapo. Kinachoniudhi ni hilo "wameshanunua".

Mara nyingi hawajanunua. Wametoa arbuni.

Arbuni tunaijua. Mtu ameiona nyumba Mtoni, kaipenda, fedha hazijatimia. Anampa mwenyewe kiasi kidogo ili asimuuzie mwingine mpaka mwisho wa mwezi. Fedha zikitimia, kile kidogo kinahesabiwa ndani ya bei. Zisipotimia, mnunuzi anakwenda zake na kile kidogo kimekwenda vile vile. Watengenezaji filamu hufanya hayo hayo kwa vitabu. Humpa mwandishi sehemu ndogo ya bei, mara nyingi kama asilimia 10, wakakishika kitabu kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, huku wakimtafuta wa kuandika mswada, wa kuongoza na, zaidi ya wote, wa kutoa fedha. Muda ukikaribia kwisha wanaweza kulipa tena wakaongezewa. Bei kamili kwa kawaida hulipwa pale upigaji picha unapoanza. Usipoanza, haki zinarudi kwa mwandishi, na alichokwisha kupewa harejeshi. Kitabu kimoja kinaweza kuwekewa arbuni na kampuni hii, kikarudi, kikashikwa na ile, kikarudi tena, na asitokee mtu wa kuwasha kamera.

Wapo wanaoiita advansi, na hapo pia nawasimamisha. Advansi unampa fundi seremala anayekuchongea mlango. Akishaipokea, kanunua mbao, kaanza kazi, na usipolipa iliyobaki ana haki ya kukudai. Kazi ishaagizwa. Arbuni haikuagiza kazi yoyote. Mwenye kitabu amefungwa, hawezi kuuza kwengine mpaka muda ukwishe, na aliyetoa fedha yuko huru kubadilisha nia kesho asubuhi. Upande mmoja una kamba, wa pili hauna. Ndiyo maana mafakihi, wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu, walihitilafiana juu ya mauzo ya arbuni. Mashafii, ambao ndio wengi wetu hapa visiwani, wanaikataa, kwa kuwa muuzaji anakula fedha isiyo na badali. Mahanbali wanairuhusu. Sikusudii kuwatolea fatwa watu wa Hollywood. Nasema tu kwamba waliokaa wakaupima mkataba wa namna hii waliona mapema kuwa hauko sawa na mauzo, na sisi tunauita mauzo.

Sasa itazameni Narnia kwa jicho hilo. C. S. Lewis alitoa vitabu saba kati ya 1950 na 1956. Filamu zikatoka 2005, 2008 na 2010, watu wakakaa kuingoja ya nne. Mwaka 2011 mkataba wa kampuni ya Walden Media ukakwisha muda, haki zikarudi kwa wanaosimamia kazi za Lewis. Hakuna aliyeshindwa kesi wala aliyefilisika, tarehe tu ilifika. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba kampuni ya Mark Gordon inakitayarisha The Silver Chair, kimoja katika vitabu hivyo saba, kiwe filamu. Watu wakashangilia, na filamu hiyo haikutengenezwa. Mwaka 2018 Netflix ikatangaza makubaliano juu ya vitabu vyote saba. Wakashangilia tena. Mwongozaji Greta Gerwig, aliyeamua kuanza na The Magician's Nephew, kingine katika hivyo saba, alianza kupiga picha mwaka 2025. Kati ya tangazo na kamera ni miaka saba, na katika miaka yote hiyo hakuna tangazo lililosema uongo. Sisi ndio tulioongeza chumvi.

Hata kununua kwa kweli hakuleti filamu kesho. J. R. R. Tolkien aliuza haki za The Hobbit na The Lord of the Rings kwa kampuni ya filamu ya United Artists mwaka 1969, akauza, hakushikisha. Akafariki 1973. Mwaka 1976 haki hizo zikanunuliwa na mtengenezaji filamu Saul Zaentz, na zile filamu kubwa tatu zinazojulikana na kila mtu zikaanza kutoka 2001. Mali haikurudi kwa mwenyewe, na bado watu walizingoja filamu hizo zaidi ya miaka thelathini.

Mimi nadhani kilichotuharibu ni yule samaki papa wa filamu ya Jaws. Wanaokunywa kahawa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, wamekaa chini ya jina la filamu ambayo haki zake zilichukuliwa kabla hata kitabu hakijachapishwa. Kitabu kikatoka 1974, filamu 1975. Barza yenye jina hilo itakosaje kudhani kwamba mambo yote huenda kasi hiyo?

Kwa hiyo mwanao akikujia mbio na habari kwamba haki za kitabu chake zimechukuliwa, usimvunje moyo. Mtoto aliyesoma vitabu saba ana haki ya kufurahi. Mwambie tu kwamba huenda wamekishika, hawajakinunua, halafu muulize kama upigaji picha umeshaanza. Kama haujaanza, tarehe ya kutoka asimtangazie mtu.