Ondoeni huo mto chini ya goti

Mimi natengeneza miguu bandia. Desemba hii nimempokea mzee wa miaka 60 na kitu kutoka upande wa Tandahimba. Mguu wake ulikatwa chini ya goti mwezi wa tatu kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Kigutu kimepona vizuri, kovu safi, ngozi haina tatizo lolote. Aliyemfanyia upasuaji alifanya kazi ya kusifiwa. Nikamwomba mzee anyooshe goti. Likaja kidogo, likakwama. Nikalisukuma taratibu kwa kiganja, akauma meno. Zilibaki nyuzi 40 ndipo linyooke.

Nikauliza alikuwa anakaaje nyumbani miezi yote hiyo. Kijana wake akajibu kwa moyo mweupe kabisa: "Hatukumsumbua, daktari. Tulimwekea mto hapa chini ya goti, apumzike mpaka kigutu kikomae."

Jibu hilo nalisikia kutoka Newala, nalisikia kutoka Nachingwea, nalisikia kutoka Mikindani ambako mtu angeweza kuja kwa bajaji. Linaniumiza kila mara, kwa sababu wanaolitoa ni watu waliompenda mgonjwa wao na kumhudumia.

"Kigutu kipumzike kwanza mpaka kikomae"

Kigutu hakikomai kama embe. Kidonda kikifunga na uvimbe ukashuka, mara nyingi wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji kama hakuna maambukizi, tunaweza kuanza kupima mguu bandia. Baada ya hapo kigutu kitaendelea kusinyaa kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na ndiyo maana soketi ya kwanza, yaani kikombe cha mguu bandia kinachoingia kigutu, hulegea. Mgonjwa huongeza soksi za kigutu, halafu anabadilishiwa soketi. Hiyo ni kawaida ya kazi. Anayesubiri kisinyae chote ndipo aje kupima, hasubiri peke yake. Goti nalo linasubiri, na goti lina tabia mbaya ya kusubiri.

Misuli ya nyuma ya paja inavuka goti na kushika chini yake. Ukiliweka goti limekunjwa juu ya mto usiku na mchana, misuli hiyo inafupika, na utando mgumu unaozunguka kiungo unafupika nayo. Maumivu yenyewe humfanya mtu akunje, hivyo mto unamsaidia kufanya lile ambalo tungetaka asifanye. Wiki za mwanzo mazoezi yanarudisha. Ikipita miezi, mara nyingi mazoezi peke yake hayatoshi. Kwa aliyekatwa juu ya goti hali ni hiyo hiyo kwenye nyonga: misuli inayokunja nyonga imebaki mizima, mingine imekatwa, basi paja linavutwa mbele na kwenda nje. Mtu huyo akishinda barazani ameketi kuanzia asubuhi mpaka magharibi, nyonga inaganda katika mkao wa kuketi.

Nyuzi 5 au 10 nazimeza wakati wa kupanga mguu. Zikivuka 25 hivi, soketi ya kawaida haiwezekani tena. Nalazimika kutengeneza ile ya kusimamia goti lililokunjwa, ncha ya kigutu imetokeza nyuma. Mgonjwa atatembea, ndiyo, lakini goti lake mwenyewe litakuwa halifanyi kazi. Daktari wa upasuaji alihangaika kumwachia goti lile. Kutembea bila goti lako kunakula nguvu nyingi zaidi, na kwa mzee mwenye kisukari hiyo ndiyo tofauti ya kufika msikitini na kuishia mlangoni.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi mnaouguza. Ondoeni mto chini ya goti. Ondoeni pia ule wa katikati ya mapaja. Kama siku za mwanzo kigutu kimevimba, nyanyueni kitanda chote upande wa miguuni kwa matofali, goti likiwa limenyooka. Akiketi, mwekeeni kipande cha ubao kinachotokeza mbele ya kiti ili kigutu kilale juu yake, kisining'inie. Akitembea kwa magongo, asiegemeze kigutu kwenye kishikio cha gongo. Wengi wanafanya hivyo wakipumzika njiani na hawajui wanajiharibia.

Na alale kifudifudi. Dakika 20 hadi 30, mara 2 au 3 kwa siku, kichwa kikiwa kimegeukia upande wa mguu mzima. Nasisitiza iwe kwenye mkeka chini sakafuni, maana kitanda cha kamba kinabonyea katikati na kukunja nyonga upya. Hapo mtu amelala kifudifudi bure. Akishageuka chali, akandamize goti chini, ahesabu mpaka 5, aachie, arudie mara 10. Mzee akisema hawezi kulala kifudifudi kwa sababu ya kifua au tumbo, alale chali pembeni mwa kitanda, avute goti la mguu mzima kifuani kwa mikono, na kigutu kibaki kimenyooka. Yote hayo hayana bei. Kama kuna ushauri wangu mmoja wa kubandikwa ukutani katika kila wodi ya upasuaji ya mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, ni huo wa mkeka.

Bandeji ya kuvutika nayo ifungwe kwa kukatiza mfano wa namba 8, ikaze nchani na kulegea kadiri inavyopanda. Ukiizungusha duara duara juu ya kigutu umekinyonga: damu inabanwa na ncha inavimba kama balbu. Ifunguliwe na kufungwa upya kila saa 4 hadi 6. Mwenye mishipa ya damu mibovu aonyeshwe kwanza na mtaalamu.

Najua neno linalofuata: hela. "Tulikuwa tunasubiri minada ya korosho." Silidharau neno hilo, mguu bandia ni gharama, na aliyekatwa Machi akisubiri minada anakutana na Oktoba au Novemba. Lakini njoo uonekane mapema, hata kama huna cha kulipia mguu. Nikikuona nyuzi za mshono zikishatolewa kwenye kidonda, nitakuonyesha mazoezi, nitaipima nyonga na goti, na utakaporudi na fedha yako ya korosho itanunua mguu wa kukutembeza.

"Mtoto miguu itanyooka yenyewe akikandwa"

Mguu kifundo, ule ambao mtoto anazaliwa nao umepinda kwa ndani, haunyooki kwa mafuta ya nazi. Njia inayotumika ni ya daktari Ponseti, aliyeianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940: hogo, yaani plasta ngumu ya kufungia mguu, linabadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6, kisha watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo tu. Aje akiwa mchanga, wiki za kwanza.

Ugumu wa kweli unakuja baadaye, kwenye viatu vyenye chuma cha kuunganisha. Vinavaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku na anapolala mchana mpaka afikishe miaka 4 au zaidi. Mtoto analia, bibi anasema mnamtesa mjukuu wangu, mama anavificha kabatini kwa sababu miguu "imeshapona". Mguu unarudi. Bibi zangu, nawaheshimu, lakini chuma kile kikivuliwa mapema tunaanza upya na mtoto mkubwa mwenye mfupa mgumu zaidi.

"Mguu uliozikwa unauma kwa sababu ulizikwa vibaya"

Nimekutana na familia iliyofukua mguu ili kuvinyoosha vidole. Maumivu ya mguu usiokuwepo ni ya kweli, mgonjwa hadanganyi wala hana jini. Ubongo bado una ramani ya mguu, na neva zilizokatwa bado zinapeleka taarifa. Kufunga bandeji vizuri, kukipapasa na kukikanda kigutu, na kuvaa mguu bandia vinawasaidia wengi. Wengine wanapata nafuu kwa kuweka kioo katikati ya miguu na kuutazama mguu mzima ukisogea. Ikizidi, dawa zipo.

"Ukibana, vumilia, utazoea"

Hapana. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 10 hivi baada ya kuvua mguu bandia ni sawa. Usiopotea, au lengelenge, maana yake soketi ina kosa: vua, rudi. Mwenye kisukari asisubiri hata kuumia, kwa sababu huenda hasikii. Ajitazame kwa kioo kila jioni. Usijaze pamba na usikwangue kwa kisu.

Hapa ndipo wanaotuita maseremala wanapokosea. Polipropilini yenyewe, plastiki ya kutengenezea soketi, unaipasha kwenye oveni kwenye nyuzi 180 hivi, unaifunika juu ya sanamu ya plasta ya kigutu, imekwisha. Kazi iko kwenye ile sanamu: pa kupunguza ili pabebe uzito, kama kano iliyo chini ya pia ya goti, na pa kuongeza ili mfupa usiguswe. Nilijifunza hayo TATCOT pale Moshi, chuo kinachofundisha fani hii tangu 1981, na mpaka leo kuna sanamu ninazozirudia mara mbili. Ukivumilia kimya, unaninyima nafasi ya kurekebisha.

"Mguu bandia unavaliwa na kiatu chochote"

Mguu unapangwa kwa urefu wa kisigino cha kiatu fulani. Ukipima na kiatu cha kisigino cha sentimita 2 halafu ukavaa kandambili, unavutwa kurudi nyuma na goti linasukumwa. Ukivaa kirefu zaidi, goti linataka kukunjika mbele. Wagonjwa wanasema mguu umeharibika kumbe wamebadili viatu. Niambieni tangu mwanzo kama mnashinda peku kwenye mchanga, mnaingia msikitini, mnashuka majini kuvuta nyavu. Kuna nyayo zinazofaa zaidi kwa hilo, ikiwamo ile iliyobuniwa Jaipur, India, kwa watu wanaotembea peku shambani. Na siku ya kupimwa njoo na jozi nzima unayoivaa siku zote, hata kama kiatu kimoja hukukigusa tangu siku ya upasuaji.