Laptopu ya 2012 Bado Ina Kazi: Anza na Diski, Kisha Linux

Wengi wanaoniletea laptopu inayokwenda polepole hulaumu prosesa, yaani ubongo wa mashine. Mara nyingi prosesa haina kosa. Chukua Lenovo ThinkPad T430 ya 2012: prosesa yake ya Intel ya kizazi cha tatu bado inamudu barua, hesabu za duka na masomo ya video. Kinachoikwamisha ni ile diski ya kuzunguka. Itoe, weka SSD ya inchi 2.5, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na utaona tofauti tangu inapowaka. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ikiwa GB 4, ongeza ifike 8. Mashine hii ina nafasi mbili za ramu ya aina ya DDR3 na inapokea hadi GB 16.

Ukishamaliza vifaa, inaingia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshika nafasi ya Windows. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa mpya zaidi, kwa Intel takribani kizazi cha nane na kuendelea. T430 haimo. Kuitupa mashine nzima kwa sababu hiyo ni hasara ninayoipinga kwa nguvu zote. Mimi huweka Linux Mint, toleo la Linux, yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini: menyu iko pale pale chini kushoto, mtu aliyezoea Windows hapotei, na masasisho ya usalama yanaendelea kuja. Penye ramu ya GB 2 tu, antiX, toleo jingine la Linux lililo jepesi, inafaa zaidi.

Hifadhi kwanza mafaili yako kwingine. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Funga pia kifuniko uone kama ikilala inaamka. Kadi za Wi-Fi za Intel kwa kawaida hukubali papo hapo. Baadhi ya kadi za Broadcom husumbua, zikataka draiva ya ziada, yaani programu ya kukiendesha kifaa.

Linux haipunguzi uzito wa tovuti, na hili nalisema mapema kwa kila mteja. Kivinjari chenye tabo nyingi kitaimeza ramu vilevile. Sakinisha programu ya zram-tools: zram hubana data ndani ya ramu yenyewe, mfumo usikimbilie diski mapema. Kwenye kivinjari cha Firefox ongeza uBlock Origin, kizuia matangazo, maana matangazo ni mzigo mkubwa kwa mashine ya umri huu.

Kwa anayeiacha kwenye chaji kutwa, TLP, programu ya Linux ya kutunza umeme, inaweza kuizuia betri ya ThinkPad isipite asilimia 80. Ikiwa imeshachoka, nunua nyingine. Ya T430 huchomolewa kwa mkono, bila bisibisi.