Noti ni zilezile, rekodi si ileile

Wengi huuliza: ukishakuwa na rekodi moja ya Simfonia ya Tano, ule utungo mrefu wa okestra wa mtunzi Beethoven, nyingine ya nini? Noti si zilezile? Ni zilezile, ila karatasi haisemi kila kitu. Sikiliza zile nne za mwanzo, tatu fupi na moja ndefu. Juu ya ile ndefu Beethoven aliweka alama ya kuishikilia, bila kutaja kwa muda gani. Hapo kondakta, yaani kiongozi wa okestra, ndiye mwamuzi. Carlos Kleiber, akiwa na okestra ya Vienna Philharmonic mwaka 1974, anazirusha noti hizo nne kama mtu aliyefumaniwa. Otto Klemperer anazikokota, kila moja na uzito wake.

Kasi nayo ina kesi yake. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha vipimo vya metronomu, kifaa cha kupimia kasi ya muziki, na makondakta wengi wakavipuuza wakiona ni vya mbio mno. John Eliot Gardiner alivifuata kwa karibu, tena kwa ala za mtindo wa zama zile, fidla za nyuzi za utumbo, sauti kavu kidogo. Mimi humrudia Kleiber, ingawa nikichoka, Klemperer hunifaa zaidi.