Je, wajua kwa nini redio ya mawasiliano ya gari husikia vizuri lakini huzima ukibonyeza kuongea?

Wengi wakiona hali hii huing'oa redio na kuipeleka kwa fundi, naye akiiwasha mezani inarusha bila shida. Si ajabu. Mara nyingi ubovu umebaki garini, kwenye nyaya.

Redio inapopokea hula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya ampea 1. Ukibonyeza kitufe cha maiki, redio ya wati 50 huvuta ampea 10 au zaidi kwa mkupuo. Hapo ndipo kiungo kibovu huumbuka. Tuseme kishikio cha fyuzi kimeshika kutu na kuongeza ukinzani wa omu 0.2. Kwa nusu ampea kinapoteza volti 0.1, wala huoni tofauti. Kwa ampea 12 kinameza volti 2.4. Betri ya volti 12.6 inaifikishia redio 10.2 tu, ilhali redio nyingi za gari hutengenezwa kwa volti 13.8 na huanza kusumbua zikishuka chini ya 11.7 hivi. Inajizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena.

Kwa hiyo kupima volti redio ikiwa kimya ni kujidanganya. Pima inaporusha, antena ikiwa imefungwa, kwenye chaneli isiyotumika, kwa sekunde chache. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye waya mwekundu pale unapoingia redioni. Mita itakuonyesha volti zinazopotea njiani. Zikizidi nusu volti, kuna jambo. Rudia upande wa hasi, ambao watu huusahau. Kisha sogeza ncha kiungo kwa kiungo: mahali kipimo kinaporuka ndipo ulipo ubovu.

Washukiwa wakuu ni kishikio cha fyuzi, waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, na erthi iliyobanwa juu ya rangi. Tundu la kuwashia sigara halifai kabisa kwa redio ya wati 50. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na redio. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo mbali haizuii moto. Gari lenye kihisi cha kupima umeme wa betri kwenye kichwa cha hasi, erthi ya redio ifungwe kwenye bodi, pale waya wa hasi wa betri unapofungwa.

Volti zikibaki sawa, geukia antena. Pima SWR, yaani kipimo kinachoonyesha jinsi antena inavyorudisha nguvu badala ya kuirusha: 1.5 kushuka chini ni nzuri, ikifika 3 acha kurusha, maana nguvu inarudi redioni, na redio nyingi hujipunguzia wati ili zisiungue. Fungua antena kwenye kitako, kisha pima kebo: kati ya waya wa ndani na wavu wa nje mita isionyeshe muunganiko wowote. Wavu uliogeuka mweusi umeingiwa na maji. Badilisha kebo nzima, kuikausha ni kupoteza muda.

Na kama taa ya kurusha haiwaki kabisa ukibonyeza, usiguse betri wala antena. Chezesha waya wa maiki pale unapoingilia kwenye maiki yenyewe. Hukatikia ndani hapo kwa kuvutwavutwa.