Sataranji ni mchezo, spoti, sanaa au sayansi? Mimi huangalia saa

Swali hili huletwa kwangu na watu wa aina mbili. Kuna wazazi wanaotaka kujua kama mtoto anapoteza muda au anajifunza kitu. Na kuna viongozi wa michezo wanaotaka kujua kama chama cha sataranji kinastahili fungu lilelile wanalopewa wanariadha na wachezaji wa netiboli. Mimi ni mwamuzi wa mashindano. Kazi yangu ni kushinda ukumbini kutwa nzima kati ya watu walioinamia mbao: kuhakikisha saa zinakwenda, kukagua karatasi za kuandikia hatua, kusuluhisha ugomvi wa nani kagusa kete gani. Jibu langu limetoka humo ukumbini, na linahusu kile kifaa kinachokaa pembeni mwa ubao.

Chukua ubao mmoja, uupange vyovyote utakavyo. Bila saa, watu wawili wanaweza kuuchunguza mpaka kesho, wakarudisha hatua, wakajaribu nyingine, hatimaye wakafika kwenye ukweli wa jambo. Hiyo ni kazi ya utafiti. Sasa bonyeza saa. Kete ni zilezile na kanuni ni zilezile, ila aliyekaa kwenye kiti lazima aamue huku hajui vya kutosha, na mkono ukishagusa kete lazima kete hiyo ichezwe. Hapo pamezaliwa spoti. Wanaobishana kama sataranji ni hiki au kile mara nyingi wanazungumzia hali mbili tofauti za kitu kimoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika mashindano makubwa ya London ya mwaka 1851 hapakuwa na ukomo wa muda. Mtu aliweza kukaa akiutazama ubao mpaka mpinzani achoke, na malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka 1861, wachezaji Anderssen na Kolisch walipokutana London, walipimiwa muda kwa shisha, yaani vile vioo vya kupimia muda kwa mchanga unaoteremka. Mashindano ya London ya 1883 yakaleta saa pacha za makanika, ambamo ya kwako ikisimama ya mwenzako inaanza kwenda. Kwangu mimi mwaka huo ni muhimu kuliko 1924, FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ilipoanzishwa Paris, na kuliko 1999, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipolitambua shirikisho hilo. Vyama na kamati vilikuja kukiandikia cheti kitu ambacho saa ilikuwa imeshakibadilisha.

Mwenye shaka na upande wa spoti aitazame tarehe 12 Desemba 2024, Singapore. Ding Liren wa China alikuwa anatetea ubingwa wa dunia dhidi ya Gukesh wa India, kijana wa miaka 18. Ulikuwa mchezo wa 14, wa mwisho kwa muda wa kawaida, na kila mmoja alikuwa na pointi 6.5. Kila upande ulibakiwa na ngome moja na askofu mmoja, Gukesh akiwa mbele kwa kitunda kimoja tu, ile kete ndogo kabisa ambayo ikifika mwisho wa ubao huwa malkia, na programu za kompyuta zilionyesha sare. Ding hakutakiwa kufanya ajabu lolote, alitakiwa kusubiri tu. Kwenye hatua ya 55 akaipeleka ngome yake mraba wa f2 (herufi hutaja safu ya wima, namba mstari wa mlalo), akakaribisha kubadilishana ngome. Tatizo ni kwamba askofu wake alikuwa amejibana pembeni kabisa mwa ubao. Ngome zikiondoka, Gukesh anamlazimisha wabadilishane na maaskofu, na wakibaki wafalme na vitunda peke yao, kile kitunda kimoja cha ziada kinatosha kumaliza kazi. Ukiangalia picha za video utaona uso wa Gukesh ulivyobadilika alipogundua. Hatua tatu baadaye Ding alikubali kushindwa.

Ding alijua vizuri kabisa kwamba umalizio wa namna ile unapotea. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaujua. Hilo si tukio la kukosa elimu. Ni mwili na akili vilivyochoka baada ya karibu wiki tatu za vikao virefu, kama anavyochoka beki dakika ya 118 akampasia mpinzani mpira. Sayansi haiwezi kukueleza kwa nini ngome ilikwenda f2. Spoti inakueleza.

Na uchovu huu si hadithi. Mechi ya ubingwa wa dunia ya Karpov na Kasparov iliyoanza Moscow Septemba 1984 ilikuwa ya atakayetangulia kushinda mara sita. Sare zilifika 40. Februari 1985, baada ya michezo 48, rais wa FIDE, Campomanes, aliisimamisha Karpov akiwa ameshinda mitano na Kasparov mitatu, na sababu iliyotolewa ilikuwa uchovu wa wachezaji. Karpov alionekana wazi amekonda. Lakini naomba tusizidishe: ile habari inayozunguka mitandaoni kwamba mchezaji huunguza kalori 6,000 kwa siku haina kipimo cha maana nyuma yake, na tunaitia aibu sataranji tunapoitetea kwa namba za kubuni. Haihitaji msaada huo.

Serikali zenyewe hazikubaliani. Uingereza, baraza la Sport England halijaiweka sataranji kwenye orodha yake kwa kuwa linadai juhudi za mwili. Nchi hiyohiyo ina Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2011, inayosema kwamba spoti ni pamoja na michezo inayojenga afya kwa ustadi wa mwili au wa akili. Upande wa Asia, sataranji ilichezwa kwenye Michezo ya Asia ya Doha mwaka 2006 na medali zikatolewa.

Swali lenyewe, kwa kweli, lina umri mkubwa kuliko mabaraza yote haya. Wanazuoni wa Kiislamu walishalijadili kwa karne nyingi, na wengi wa madhehebu mengine waliiharamisha. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, yalichukua njia ya kati: Imam Nawawi ameiweka kwenye makuruhu, yaani lisilopendeza bila kuwa haramu, na ikawa haramu pale inapoingia kamari au inapompitisha mtu wakati wa sala. Waliitenga na michezo ya dadu kwa sababu dadu inategemea bahati na sataranji inategemea fikra. Naipenda hoja hiyo kwa makini yake. Waliuliza mambo mawili: je, bahati ina nafasi gani, na je, unakula muda gani? Hayo ndiyo maswali ya mwamuzi hadi leo.

Tukija kwenye sayansi, lazima tutenganishe sataranji kuwa sayansi na sataranji kuchunguzwa na sayansi. La pili halina ubishi. Mwanahisabati Claude Shannon, mwaka 1950, alieleza namna ya kuiwekea kompyuta programu ya kuicheza, akakadiria kuwa idadi ya michezo inayowezekana ni tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 120. Mwanzo wake unaonekana mdogo: mweupe ana hatua 20 za kuchagua, na mweusi akijibu tayari kuna mipangilio 400. Mwaka 1997 mashine ya Deep Blue ilimshinda Kasparov 3.5 kwa 2.5 huko New York. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia, alitupa hesabu ya kupima nguvu za wachezaji: ukimzidi mwenzako pointi 200, tarajia pointi kama 76 katika kila michezo 100 mtakayocheza.

Lakini kuna pahala ambapo sataranji yenyewe imekuwa sayansi kamili. Zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, kompyuta zimeshahesabu kila mpangilio. Hapo hakuna maoni tena, kuna kushinda, kushindwa au sare, na idadi ya hatua. Kuna mpangilio mmoja wa kete saba ambao ushindi wake unahitaji hatua 549. Drafti ya Kiingereza, ndugu wa ile inayochezwa vijiweni kwetu ingawa kanuni zinatofautiana, ilitatuliwa yote mwaka 2007 na Jonathan Schaeffer na wenzake huko Kanada: pande zote zikicheza bila kosa, ni sare. Watu wakauliza kama drafti imekufa. Nenda kijiweni jioni ukawaulize wanaobamiza kete. Ukweli wa drafti umeshajulikana na bado mtu anamfunga mwenzake, kwa sababu hakuna anayebeba ukweli wote ule kichwani akiwa amekaa kwenye benchi.

Sanaa ndiyo inayonigusa zaidi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Toa ubao wako uupange hivi: mfalme mweupe h8, kitunda cheupe c6, mfalme mweusi a6, kitunda cheusi h5. Mweupe anaanza na anatakiwa apate sare. Ni utunzi wa Richard Réti wa mwaka 1921. Tazama mwenyewe: kitunda cheusi kinashuka kwenda kuwa malkia na mfalme mweupe yuko nyuma yake mno, hakifikii. Cha kwake kiko mbali naye, na mfalme mweusi yuko jirani wa kukila. Kila mtu niliyemwekea mpangilio huu mara ya kwanza alisema mweupe kwisha.

Mfalme anakwenda g7. Kitunda cheusi kinashuka h4. Mfalme anakwenda f6. Mweusi akikimbia h3, mfalme mweupe anaingia e7 kukisindikiza kitunda chake, na pande zote mbili zinapata malkia: sare. Basi mweusi anatulia, anampeleka mfalme b6 akile kitunda kwanza. Mweupe anajibu mfalme e5. Akikila, mfalme mweupe anageuka f4 na sasa kitunda cha h kimekamatwa. Asipokila akakimbia h3, mfalme anakwenda d6 na kitunda cha c kinafika. Mfalme mmoja amefukuza vitu viwili vilivyo pande tofauti za ubao, na hajapoteza hata hatua moja.

Siri yake ni hesabu tupu. Kwa mfalme, kutoka h8 kushuka wima hadi h5 ni hatua tatu, na kutoka h8 kwa mshazari hadi e5 ni hatua tatu vilevile. Njia ya mshazari haimgharimu kitu. Ukweli huo wa jiometri ulikuwepo tangu ubao ulipotengenezwa, lakini Réti aliupatia kete nne tu na akaufanya umwingie mtu moyoni. Ndiyo maana watunzi wa namna hii hupewa vyeo vyao vya kimataifa, hadi ugwiji (grandmaster), bila kulazimika kumshinda mtu yeyote.

Uzuri wa pili unatoka ukumbini, na huu hauwezi kutengenezwa nyumbani. Mwaka 1960 Moscow, Mikhail Tal, kijana wa miaka 23, alicheza na bingwa Botvinnik, mhandisi wa umeme aliyeichukulia sataranji kama maabara. Katika mchezo wa sita Tal alimtoa farasi kafara kwenye f4. Watazamaji walipiga kelele mpaka mchezo ukahamishiwa chumba cha nyuma. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kafara lile halikuwa sahihi. Botvinnik alikuwa na njia ya kujiokoa. Lakini njia hiyo ilitakiwa kuonekana pale, saa ikienda, na haikuonekana. Tal alishinda mchezo na ubingwa, kisha mwaka uliofuata Botvinnik akajiandaa vilivyo na kuutwaa tena. Mimi siwezi kukubali kwamba kosa la hesabu linaifuta kazi ya Tal. Kwa Réti, hatua ikiwa si sahihi hakuna kilichobaki. Kwa Tal, usahihi ulikuwa swali alilomtupia mwenzake ili alijibu kwa dakika alizobakiwa nazo.

Kwa hiyo viongozi wanaoniuliza nawajibu hivi: kwenye fomu ya usajili andikeni spoti, kwa sababu mnachosajili ni mashindano, na mashindano yana saa. Kisha tununulie saa. Klabu nyingi za vijana zina mbao na kete lakini saa ni moja au hakuna, halafu tunashangaa watoto wanaotamba klabuni wakipeperuka kwenye mashindano. Na mpange mtu wa kukusanya simu mlangoni. Kanuni za FIDE zinakataza simu kwenye eneo la mchezo kwa sababu programu iliyo ndani yake ina nguvu kuliko bingwa wa dunia. Mchezaji akiichungulia chooni mara moja tu, wote waliobaki ukumbini wameibiwa siku yao.

Kwa wazazi, jibu ni fupi zaidi: mtoto wako acheze na saa Jumamosi, na siku moja katikati ya wiki mpangieni kete nne za Réti, saa mkiiacha kabatini.