Diski Kubwa Peke Yake Si Nakala Rudufu

Tangu Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamebadili kompyuta, na wengi wao wakanunua papo hapo diski ya nje ya terabaiti 2 au 4. Uamuzi huo ni mzuri na tunaupongeza. Hata hivyo, malalamiko ya kupotea kwa data yanayofika kwenye dawati letu la TEHAMA hapa chuoni hayajapungua, yameongezeka. Mengi yanafanana: mhusika alihamishia kila kitu kwenye diski mpya, akafuta yaliyokuwa kwenye kompyuta ili apate nafasi, kisha diski ikaanguka, ikaibwa au ikagoma kusoma. Akifika kwetu anasema, "Lakini bakapu ninayo, ni hii hapa."

Hiyo si bakapu. Faili lililopo mahali pamoja tu halina nakala, hata kama mahali penyewe ni diski ya terabaiti 20. Nakala rudufu ni faili la pili wakati la kwanza bado lipo. Ukubwa wa diski hauongezi usalama hata kidogo. Unachoongeza ni kiasi cha mambo yatakayopotea kwa mkupuo mmoja. Aliyepoteza flashi ya gigabaiti 4 miaka ile alipoteza tasnifu. Anayepoteza diski ya terabaiti 4 leo anapoteza tasnifu, picha za watoto tangu kuzaliwa, mikataba ya kiwanja, sauti za wazee waliokwisha kufariki na matokeo ya wanafunzi wa darasa zima.

Machi 31 ni Siku ya Nakala Rudufu Duniani, inayoadhimishwa tangu 2011, na kitengo chetu kinaitumia kutoa elimu hii kwa wanachuo na kwa umma. Izingatiwe kwamba haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria wala ya miongozo ya ofisi yako.

Kuhusu ununuzi

Kwanza, tuache kuwatuhumu wauzaji kwa jambo ambalo si kosa lao. Diski ya terabaiti 1 ukiichomeka kwenye Windows itaonyesha gigabaiti 931. Ya terabaiti 4 itaonyesha terabaiti 3.63. Hakuna aliyeiba. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inagawa kwa 1,024, na tofauti inakua kadiri diski inavyokuwa kubwa. Tumeshalieleza hili mara nyingi na bado watu wanarudisha diski nzima dukani kwa sababu hiyo.

Wizi wa kweli uko kwingine, na huo hauonekani kwenye skrini. Flashi ya "terabaiti 2" inayouzwa kwa elfu thelathini haina terabaiti 2. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogundishwa kwa gundi, na chipu yake imepangwa kudanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Utanakili faili bila tatizo lolote. Majina yataonekana, ukubwa wa kila faili utaonekana. Nafasi halisi ikishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inapotea kabisa, nawe hutajua mpaka siku utakapofungua picha na kukuta haifunguki. Kwa hiyo diski yoyote mpya ipimwe kabla ya kuaminiwa. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, hujaza diski yote kisha husoma tena kila kilichoandikwa. Kwa diski ya terabaiti 2 kazi hiyo huchukua usiku mzima hata kwa USB 3. Iache ifanye kazi. Ukitumia tundu la USB 2 itachukua zaidi ya siku nzima, na hapo kosa si la diski.

Ikibainika kuwa ni bandia, utaratibu ni huu. Usiifomati, kwa sababu unaharibu ushahidi. Piga picha ya majibu ya kipimo yakiwa kwenye skrini. Tunza boksi, risiti ya EFD na kifaa chenyewe pamoja. Rudi kwa muuzaji kwanza, kwa heshima, kwa kuwa huenda naye ameuziwa. Akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ya Tanzania, FCC, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Bila risiti tunaweza kukupa pole, lakini hatuwezi kukuandikia barua ya kitaalamu inayosema kifaa hicho kilitoka duka fulani.

Diski zinazozidi terabaiti 2 zinahitaji mpangilio wa GPT, yaani namna mpya ya kugawa nafasi ya diski. Ukichagua MBR, namna ya zamani, wakati wa kuiandaa, diski ya terabaiti 4 itatumika nusu tu na nusu nyingine itabaki bila kazi. Faili linalozidi gigabaiti 4 halikai kwenye diski iliyofomatiwa kwa FAT32. Ifomati kwa exFAT kama diski itazunguka kati ya Windows na Mac. Haya yafanyeni diski ikiwa tupu.

Swali tunaloulizwa sana ni kama SSD, diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, ni bora kuliko diski ya kuzunguka. Kwa kasi, ndiyo, na haiogopi kuanguka kama mwenzake. Kwa kuhifadhi kabatini, tahadhari. SSD hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja taratibu kifaa kikikaa bila kuwashwa, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu za kielektroniki, kwa SSD za matumizi ya kawaida kinadai data idumu mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi, kifaa kikiwa kimeshatumika hadi kikomo chake. Kifaa kipya hudumu zaidi ya hapo. Lakini anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mtwara anajua nyuzi 30 ni joto la siku ya kawaida, na kabati lililofungwa lina joto zaidi. Kwa nakala ya kuweka na kusahau kwa miezi mingi, diski ya kuzunguka iliyofungwa vizuri dhidi ya unyevu wa pwani bado ndiyo ninayoipendekeza, na iwashwe mara kwa mara ikaguliwe.

Nakala tatu

Kanuni inayofundishwa duniani kote inahusishwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 kati yake ikae mbali na hapo unapoishi au kufanyia kazi. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni faili lililopo kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwa dada, kwa mzazi, ofisini au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski mbili zilizo ndani ya begi moja na kompyuta si nakala tatu. Kibaka akivuta begi kituoni, anaondoka na zote.

Diski ya nakala isikae imechomekwa muda wote. Hili ndilo sharti linalopuuzwa kuliko yote, na ningependa lizingatiwe kuliko yote. Kirusi kinachofunga mafaili kwa ajili ya kudai fidia hakichagui: kila diski inayoonekana kwenye kompyuta wakati huo hufungwa nayo. Tarehe 27 Juni 2017, programu haribifu iliyopewa jina NotPetya iliingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni ya Denmark inayomiliki meli za makontena. Seva zake zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, karibu 150 duniani kote, zilikuwa zimepangwa zinakiliane zenyewe kwa zenyewe, na wataalamu waliamini kwamba huo ni ulinzi wa kutosha. Zote zilifutika isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo haikuwa mtandaoni wakati wa shambulio. Intaneti ya huko haikuwa na kasi ya kutuma mamia ya gigabaiti kwenda Uingereza, wala wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja wao aliipeleka diski kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye ndiye aliyeifikisha. Kampuni ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 250 na 300. Kilichoiwezesha kusimama tena ni nakala moja ambayo haikuwa imeunganishwa. Wewe huna haja ya kusubiri TANESCO ikukatie; chomoa waya ukimaliza kunakili.

Kwa sababu hiyohiyo, ulandanishi wa Google Drive au OneDrive, yaani faili la kompyuta na lile la mtandaoni kufuatana lenyewe kwa lenyewe, hautoshi ukiwa peke yake. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutwa na kule. Kwa akaunti binafsi linakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha linaondoka. Tunapokea watu mwezi wa tatu baada ya kufuta, wakitaka tuiandikie Google barua. Hatuna uwezo huo. Tena gigabaiti 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya barua pepe, picha, na sasa pia nakala ya WhatsApp kwa wenye Android, hivyo hakikisheni nakala inaendelea kweli na haijasimama kwa kukosa nafasi.

Jambo jipya linalowaumiza wengi mwaka huu ni usimbaji, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 hufunga diski zake kwa BitLocker, programu ya usimbaji ya Windows, bila mtumiaji kuambiwa kwa sauti. Ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Lakini ubao mkuu wa kompyuta ukiungua, ule mtindo wa zamani wa kuchomoa diski na kuisomea kwenye mashine nyingine hautafanya kazi bila ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha kompyuta mara ya kwanza. Kama aliyeiwasha ni fundi wa dukani kwa akaunti yake, ufunguo anao yeye. Uchapishe leo, uuweke na vyeti vyako.

Diski inapoanza kulia

Diski ya kuzunguka ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izime. Usiiweke kwenye friza. Ushauri huo umezagaa kwenye makundi ya WhatsApp na umeharibu diski ambazo zingeokolewa: unyevu huganda ndani, na ukiitoa unageuka maji juu ya sahani zinazotunza data. Usiifungue nyumbani, usikubali fundi aifungue mezani. Pengo kati ya kichwa cha kusoma na sahani ni dogo kuliko chembe ya vumbi. Kwa SSD, elewa kwamba faili lililofutwa mara nyingi halirudi kabisa, kwa kuwa mfumo wenyewe husafisha nafasi hiyo muda mfupi baadaye.

Data za watu wengine

Mwalimu, karani, mganga, mhasibu wa kikoba: ukiwa na majina, namba za simu, majibu ya vipimo au alama za watu kwenye diski yako, hiyo si mali yako peke yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde dhidi ya kupotea kwa uzembe na kufikiwa na wasioruhusiwa, na aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa pale usalama wake unapovunjwa. Anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Ikiwa ni kampuni, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Anayeziharibu, kuzifuta au kuzibadilisha kinyume cha sheria, faini ni kuanzia 100,000 hadi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote. Adhabu hizi hutolewa na mahakama na kila shauri lina mazingira yake. Hatuzitaji ili kumtisha mtu aliyedondosha diski kwa bahati mbaya.

Ikipotea diski yenye taarifa za namna hiyo, chukua taarifa ya upotevu polisi siku hiyohiyo, kisha umjulishe kwa maandishi mkuu wako wa kazi na afisa wa ulinzi wa taarifa wa taasisi. Andika ni taarifa za watu gani, wangapi kwa makadirio, na kama diski ilikuwa na nywila. Usitangaze kwanza kwenye kundi la wafanyakazi. Na unapouza au kugawa kompyuta ya zamani, kufomati kwa haraka hakufuti chochote cha maana. Tumia chaguo la kusafisha diski yote, au leta tukusafishie.

Siku ya Machi 31 tutapima diski bila malipo. Njoo na diski, waya wake halisi na risiti kama unayo. Kabla hujaja, chagua faili moja la mwaka juzi, nenda kwenye kompyuta isiyo yako, ulifungue kutoka kwenye nakala. Likigoma, usijaribu kulitengeneza na usiandike kitu kingine humo; leta diski ya nakala na ile yenye faili la asili jinsi zilivyo.